Timu ya Chuo Ina Miaka Mitatu Tu

Shahada nyingi za vyuo vyetu ni za miaka mitatu, na hesabu ya timu inaanzia hapo. Mchezaji anaingia Oktoba au Novemba akiwa hajui hata njia ya kantini. Mwaka wa kwanza anakizoea chuo, wa pili anacheza kwelikweli, wa tatu nusu yake inaliwa na utafiti na kuhangaikia ajira. Kila mwaka theluthi ya kikosi inavaa joho na kuondoka, tena ile theluthi iliyokomaa. Klabu ya mtaani inaweza kukaa na beki wake miaka kumi. Chuo hakina nafasi hiyo. Kwa hiyo ukipewa ulezi wa michezo, au ukichaguliwa waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi, usiijenge timu juu ya mtu mmoja mwenye kipaji. Ijenge juu ya vitu vinavyobaki watu wakiondoka: saa ya mazoezi, kiwanja, daftari, stoo, na utaratibu wa kurithishana.

Haya tumejifunza katika vyuo vya Kikristo vya Dar es Salaam, ambako eneo ni dogo, fedha ni chache na ratiba imejaa ibada, kwaya na vipindi. Mengine yatafaa chuo chochote. Machache ni ya kwetu peke yetu, na hayo ndiyo yenye uzito.

Usajili unafanyika wiki ya utambulisho, maana ikishapita kila mwanafunzi ameshapata pa kupotezea jioni yake. Usiulize nani anacheza mpira. Ukiuliza hivyo utapata orodha ya mamia ya majina, na mazoezini watafika kumi na tano. Kuna maswali matatu yanayochuja. La kwanza: kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ulifika hatua gani, shule, wilaya, mkoa au taifa? Aliyefika mkoa ameshafundishwa misingi na mtu, na ameshalala kambini, kwa hiyo anajua nidhamu ya kuamshwa alfajiri. La pili: unaishi wapi? Wanafunzi wengi wa Dar wanapanga nje ya chuo, na anayerudi Mbagala au Gongo la Mboto kwa daladala ana jioni fupi kuliko aliyepanga nyuma ya geti. Mtaa anaoishi mchezaji huamua mahudhurio yake kuliko kipaji chake, na kocha asiyelijua hilo humwita mvivu mtu ambaye yuko kwenye foleni. La tatu: ni siku na saa gani huwezi kabisa kucheza? Hapo usiulize dhehebu. Uliza siku, dhehebu litajitokeza lenyewe pale linapohusika.

Majaribio yafanyike siku tatu, si moja. Siku ya kwanza kuna waoga, kuna wenye njaa, na kuna wale wanaong'ara dakika ishirini kisha wanazimika. Kwa pumzi, kipimo rahisi ni kukimbia dakika 12: panga koni kila mita 50, hesabu umbali. Mvulana anayefikisha mita 2,400 ana msingi wa kufanyia kazi. Kwa netiboli tazama miguu kwanza, kabla ya mikono: msichana anayedaka mpira hewani akatua bila kuburuta hatua ataweza kufundishwa kufunga, lakini mwenye hatua mbovu atapulizwa filimbi kila mara, na kumrekebisha kunachukua muhula mzima. Kwa mpira wa wavu tazama mapokezi. Wapiga smashi wapo wengi. Anayepokea servisi ngumu na kumwinulia mpira seta, yule anayewaandalia wapiga smashi, ni adimu.

Sasa ratiba, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo timu nyingi za vyuo vyetu zinapofia.

Kwenye chuo cha Kikristo watu walewale wenye moyo wa kujitolea ndio wanaoimba kwaya, ndio viongozi wa vikundi vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, CASFETA, TMCS au TAFES, na ndio unaowataka uwanjani. Kwaya nyingi hufanya mazoezi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, saa ileile ya kocha. Mkigombania, kwaya itashinda, kwa sababu Jumapili inakuja kila wiki na mechi haiji. Dawa yake ni kikao kimoja kabla ya wiki ya pili ya muhula. Wakae kocha, mwalimu wa kwaya, viongozi wa vikundi vya sala, mchungaji wa chuo na Mshauri wa Wanafunzi, mbele yao jedwali moja tupu la siku saba. Kwanza ingizeni vipindi vya darasani, kisha ibada ya katikati ya wiki, kisha kwaya, kisha timu. Ukikuta jioni imejaa, hamia alfajiri: saa 11:30 hadi saa 1:00, mara mbili kwa wiki, kwa wanaolala karibu, halafu jioni moja ya wote. Jedwali likishakubaliwa lipigwe muhuri na kubandikwa. Lisilobandikwa husahaulika wiki ya nne.

Mikesha nayo iulizwe mapema. Mkesha wa Ijumaa ukifuatiwa na mechi ya Jumamosi saa tatu, unaingiza uwanjani watu ambao hawajalala, na misuli iliyokosa usingizi huchanika kirahisi. Hali kadhalika kufunga. Wakati wa Kwaresima kuna wanaofunga kula na hawasemi, wakiamini kusema ni kujionyesha. Kocha atangaze mbele ya wote kwamba aliyefunga atapewa mazoezi ya mbinu na si ya kukimbia, bila kuulizwa sababu. Vyuo hivi vina wanafunzi Waislamu pia. Mwezi wa Ramadhani mazoezi ya kukimbia yasogezwe karibu na kufuturu, na Ijumaa mchana pasiwekwe chochote.

Ama Sabato, hiyo inataka maandalizi ya karatasi. Msabato anaanza kupumzika Ijumaa jua likizama na kumaliza Jumamosi jua likizama, na Dar jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 12 na dakika 50, kutegemea mwezi. Kwa hiyo mazoezi ya Ijumaa yaishe saa 11, ili naye afike kwake, aoge, aandae. Mashindano ya vyuo, yakiwemo ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu nchini, huenda siku kadhaa mfululizo na Jumamosi na Jumapili zimo. Ombi la kusogezewa mechi liandikwe kabla makundi hayajapangwa, likiwa na sahihi ya mchungaji wa chuo na ya Mshauri wa Wanafunzi. Makundi yakishapangwa, mratibu hata akiwa na huruma hana pa kukuweka. Na timu nzima ya wavu usiitegemeze kwa seta mmoja tu ambaye ni Msabato; fundisha wawili tangu mwezi wa kwanza. Mwaka 1924 kule Paris, Mskoti Eric Liddell alikataa kukimbia mita 100 kwa kuwa mchujo ulikuwa Jumapili, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Watu husimulia imani yake, nasi tunaiheshimu, ila kuna upande wa pili wa kisa hicho unaotufaa makocha: ratiba aliijua miezi kabla, kwa hiyo alipata muda wa kujiandaa kwa mbio nyingine. Mchezaji anayeambiwa Alhamisi kwamba fainali ni Jumamosi hana muda huo.

Maombi kabla ya mechi yafanyike, lakini kabla ya kupasha misuli. Timu ikishapasha, ikasimama duara dakika kumi kusikiliza neno, jasho linakauka na kazi yote inaanza upya. Dakika mbili zinatosha, na asiye Mkristo asimame pale kwa hiari yake, asilazimishwe kufumba macho.

Kiwanja. Vyuo vingi vya mjini havina, au vina kipande cha zege ambacho mchana ni maegesho. Njia iliyofanya kazi ni shule ya msingi au sekondari ya jirani, au uwanja wa parokia. Usiende na maneno ya mdomo. Peleka barua kwa mkuu wa shule inayotaja siku, saa, idadi ya watu, nani anashika ufunguo, na chuo kinatoa nini: kufyeka nyasi, kuchomelea magoli, mipira miwili kwa watoto kila muhula. Nakala moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkuu wa shule akihamishwa, na huhamishwa, barua ndiyo itakayokutetea kwa mrithi wake.

Kuchora kiwanja ni kazi ya saa mbili kwa watu wanne wenye utepe wa mita 50, kamba, vigingi na chokaa. Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, imegawanywa sehemu tatu sawa za mita 10.17, nusu duara ya kufungia ina radiusi ya mita 4.9, duara la kati lina upana wa sentimita 90, na pete iko juu mita 3.05. Kosa la kawaida ni pembe: kiwanja kinaonekana sawa kwa macho kumbe kimelala kama kanga iliyovutwa upande. Pima mshazari zote mbili. Za netiboli zinatakiwa zifike mita 34.1 kila moja, za mpira wa wavu wa mita 18 kwa 9 zifike mita 20.12. Zikitofautiana, sogeza vigingi vya upande mmoja mpaka zilingane, ndipo umwage chokaa. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo tumia iliyozimwa, ichanganye na maji iwe kama uji mwepesi, aichore mtu aliyevaa glovu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, chora siku ileile ya mechi; mvua ya usiku mmoja inafuta kila kitu.

Wanaotaka riadha hukata tamaa wakisikia njia ya mita 400, yenye nyoofu za mita 84.39 na radiusi ya mita 36.50. Huhitaji hiyo kufundishia. Ndani ya uwanja wa kawaida wa soka inaenea njia ya mita 200. Chora nyoofu mbili za mita 40, na kila upande nusu duara ya radiusi ya mita 18.9. Mkimbiaji hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, na ukikokotoa hivyo mzunguko unatoka mita 200 kamili. Njia nne za upana wa mita 1.22 zinachukua mita 88 kwa 48 hivi. Kwa mbio za mzunguko mmoja, njia ya pili ianzie mita 7.67 mbele ya ya kwanza, ya tatu mita 15.33, ya nne mita 23. Kijiti cha kupokezana ni bomba jepesi la sentimita 28 hadi 30, na eneo la kukabidhiana kwenye mbio za 4 x 100 ni mita 30. Mazoezi ya kijiti yafanyike kila mara kwa mwendo wa mbio. Timu inayofanya mazoezi ya kupokezana ikitembea hudondosha kijiti siku ya mashindano, maana mkono unaokuja kwa kasi hauko pale ulipozoeleka.

Kama nafasi ni finyu kabisa, weka nguvu kwenye wavu na kikapu. Michezo hii miwili ilizaliwa kwa watu waliokuwa na tatizo letu. James Naismith, aliyesoma teolojia, alibuni mpira wa kikapu mwaka 1891 kwenye chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts, ili vijana wapate mchezo ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Miaka minne baadaye William Morgan, naye wa YMCA, akabuni mpira wa wavu mjini Holyoke. Yaani jumuiya ya vijana Wakristo, ukumbi mdogo, na mtu aliyeamua kufikiri. Nguzo za wavu zinatengenezwa kwa bomba la chuma lililosimamishwa kwenye tairi la gari lililojazwa zege. Ukikaza wavu zitainama kwa ndani, kwa hiyo kila nguzo ivutwe kwa nyuma na kamba na kigingi, na ivishwe godoro kuukuu hadi urefu wa mtu. Wavu uwe juu mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, upimwe katikati. Wengi hupima pembeni tu, ambako wavu huwa juu zaidi kwa kuwa katikati unalegea.

Ufukwe nao ni kiwanja cha bure. Coco Beach bamvua ikipwa huacha mchanga mgumu, mpana, mzuri kwa kukimbia. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku, la sivyo mtafika mkute bahari imekaa kwenye kiwanja chenu. Mchanga mkavu wa juu utumike kwa dakika 15 au 20 tu mwanzoni, maana unavuta sana ukano wa kisigino.

Joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, si la kuonea aibu. Unyevu hewani unazuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mchezaji anywe kama nusu lita saa mbili kabla, halafu mafunda makubwa kila dakika 15 hadi 20. Asiyekuwa na chupa yake asianze. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuacha kutambua watu, huyo si mchovu tu. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, weka barafu shingoni na kwapani, na endelea kumpoza wakati usafiri unatafutwa. Kumpakia kwanza kwenye gari lenye joto na kumpoza hospitalini ni kumpotezea dakika zinazomwokoa.

Kabla ya yote hayo, kila mchezaji ajaze fomu ya afya: pumu, kifafa, moyo, selimundu, dawa anazotumia, namba ya ndugu, namba ya kadi ya bima. Selimundu ipo sana nchini, na mwenye nayo hapaswi kukimbizwa hadi kukatika pumzi kwenye joto. Fomu zikae kwenye bahasha moja inayofuata timu kila iendako, si ofisini. Kifundo cha mguu kikiteguka, na kwenye netiboli kitateguka, barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, bendeji, mguu juu. Yule jamaa anayekuja na maji ya moto na kuchua siku hiyohiyo mzuieni kwa upole. Kuchua kunazidisha uvimbe. Aliyeanguka akitetemeka kwa kifafa alazwe upande, na asiwekwe kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Na njaa. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, likichelewa, mahudhurio huporomoka wiki ya pili yake, na kocha asiyejua anaanza kufoka. Sufuria la uji na chapati mbili baada ya mazoezi ya alfajiri hushika timu kuliko hotuba. Ukiwa na fedha kidogo ya kuchagua, nunua unga kabla ya kununua jezi mpya.

Kwa wasichana, mazoezi yaishe mapema watoke pamoja na mwanga bado upo, mpaka kituoni. Mavazi yaamuliwe na wao wenyewe: wapo ambao kanisa lao halipendi kaptula, na sketi ya magoti yenye taiti ndefu ndani inacheza netiboli bila shida, mradi mratibu wa mashindano ataarifiwe mapema na timu nzima ifanane. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na pedi. Kocha wa kiume asimwite mchezaji peke yake ofisini wala chumbani. Awepo meneja wa kike kila safari. Namba ya timu ikiwa bei ya kitu kingine, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Lisemwe hadharani siku ya kwanza, kila mtu akisikia, na litajwe jina la mtu wa kumwendea.

Jambo linalotuuma zaidi ni mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa chuo. Wiki ya mashindano ikikaribia, hujitokeza mtu mwenye rafiki anayecheza ligi ya daraja la chini, anaweza kupatiwa kitambulisho. Chuo kinachofungua asubuhi kwa sala hakiwezi kuingiza jina la uongo uwanjani mchana. Achilia mbali rufaa, kunyang'anywa pointi na kufungiwa, kuna kijana aliyeamka saa 11 alfajiri muhula mzima ambaye atakaa benchi kumpisha mtu asiyemjua. Huyo harudi tena, na atawasimulia wa mwaka wa kwanza. Orodha ya wachezaji itengenezwe na ofisi ya usajili, si na nahodha: jina, namba ya usajili, picha, uthibitisho wa usajili wa muhula huo. Ifungwe wiki mbili kabla, na mlezi asaini kila ukurasa.

Daftari la mahudhurio ndilo hupanga timu. Kanuni iwe moja na isiyoyumba: asiyefikisha mazoezi sita kati ya nane hachezi mechi inayofuata, hata awe nahodha. Mlezi aangalie pia alama za majaribio ya darasani kila baada ya wiki sita. Mchezaji anayesapu (anayerudia mtihani) masomo mawili apunguziwe mazoezi kabla hajafika kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Mzazi anayemlipia ada alimleta chuo kusoma. Barua za ruhusa ziwafikie wahadhiri wiki mbili kabla ya safari, zikitaja majaribio yatakayokosekana na tarehe inayopendekezwa ya kuyafidia. Mwalimu aliyeombwa mapema mara nyingi hukubali. Aliyeletewa barua mwanafunzi akishaondoka anaona amedharauliwa, na ana haki.

Nahodha msaidizi awe wa mwaka wa pili kila mara, bila ubaguzi. Mei wakabidhiane kwa maandishi: mipira mingapi na ina hali gani, jezi zipi zimepotea, namba za waamuzi, mkuu wa shule anapenda kuandikiwa vipi, deni la nani.

Klabu zisizo za michezo zina ugonjwa tofauti. Mjadala, wanasheria, uandishi, ujasiriamali, Msalaba Mwekundu: nyingi huanza kwa uchaguzi wa viongozi kumi na wawili, kisha kundi la WhatsApp la watu mia mbili, kisha kimya. Geuza mpangilio: fanyeni kwanza tendo moja linaloonekana ndani ya wiki tatu, waliofika ndio wachague viongozi watatu. Roots & Shoots, klabu ya vijana ya mazingira ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Katiba ya kurasa mbili inatosha, mlezi awe mwalimu anayehudhuria kweli, na baada ya wiki ya 12 ya muhula klabu isipange kitu. Watu wako kwenye mitihani.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, kwa kumlinda yeye mwenyewe. Akaunti ya sahihi mbili, na risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Jezi za Kariakoo agiza kwa vipimo vilivyoandikwa, ongeza tatu kubwa, na namba zichapwe kwa rangi inayosomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Netiboli inataka herufi za nafasi, kwa hiyo shona vizibao vya kubandua. Ukichapa GA (Goal Attack) mgongoni mwa jezi umemfunga mchezaji nafasi moja. Mipira iwekwe kivulini, na sindano ya pampu ilowanishwe kwa tone la mafuta ya glisirini kabla ya kuingizwa. Sindano kavu ndiyo inayochana valvu.

Safari za Morogoro na Dodoma zimekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024. Tiketi zikatwe mapema, majina yafanane na vitambulisho. Kwa mechi za ndani ya jiji koasta moja inatosha kikosi na mizigo, na ondokeni saa mbili kabla ya muda mnaodhani unatosha kama njia inapita Ubungo au Tazara.

Ukitaka kupima kazi yote hii, andaa bonanza. Timu nane, makundi mawili ya nne, ni mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili na fainali. Kila mechi dakika 10 kwa 10, na nusu saa kwa kila nafasi pamoja na kupishana. Uwanja mmoja unakula saa saba na nusu, jua lote litawaishia kichwani. Viwanja viwili vidogo ndani ya uwanja mmoja wa soka: saa tatu za makundi, nusu saa ya nusu fainali zote mbili kwa pamoja, nusu saa ya fainali. Mpira wa kwanza upigwe saa moja kamili asubuhi, na saa tano kombe liwe limeshakabidhiwa. Timu inayochelewa dakika kumi inapoteza mechi, na hili liandikwe kwenye barua ya mwaliko. Waamuzi wanne, wapishane wawili wawili, na posho yao iwe kwenye bahasha zenye majina kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Maji ndoo mbili kila uwanja. Wa mwaka wa kwanza ambao hawakuingia kikosini wapewe kazi za siku hiyo: mezani kuandika matokeo, koni, maji, kuokota mipira. Februari, wachezaji wa mwaka wa tatu wanapoanza kukosekana, utakuwa umeshajua ni nani kati ya hao wa mwaka wa kwanza wa kumpa daftari.